Sahihi au ya Kutegemewa? Bunduki Nyepesi kwa Macho ya Mtu wa Programu

Leo naomba ruhusa tuweke kando seva na hifadhidata. Msiogope kichwa cha habari. Sijajiunga na jeshi wala sijaacha kazi ya kuandika programu. Kuna swali nimeulizwa, limenikaa kichwani wiki tatu sasa, na kila ninapolichambua naona ni swali la fani yetu kabisa, ila limevaa sare.

Mwulizaji ni mtoto wa shangazi yangu. Sisi ni watu wa Bomet, upande wa Konoin, kule ambako michai inaanzia nyuma ya jikoni na kuishia unapoanza msitu wa Mau. Mimi nilikwenda kwenye kompyuta, yeye akaenda polisi. Hivi sasa yuko kaskazini mwa Bonde la Ufa, katika kikosi kinachofuatilia wezi wa mifugo, na begani ana G3. Aliniandikia hivi: "Ndugu, wewe ni mtu wa mashine. Ukiambiwa uchague bunduki moja nyepesi ya kupiga risasi moja moja, utachukua ile inayolenga sawasawa au ile isiyokwama? Nijibu vizuri, usinijibu kama mwalimu."

Kabla sijaenda mbali, niseme jambo moja kwa wale wenye haraka. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimpi raia nafasi ya kumiliki bunduki ya kivita. Kwa hiyo huu si ushauri wa kununua kitu. Ni mazungumzo kuhusu chombo ambacho serikali inamkabidhi ndugu yangu, na ambacho maisha yake na ya watu wengine yanakitegemea. Mlipa kodi ana haki ya kuelewa chombo hicho kinavyofanya kazi.

Nusu otomatiki ni nini?

Bunduki ya zamani, kama ile .303 ya Lee-Enfield waliyobeba askari wa King's African Rifles, ilitaka mkono wako kila mara. Ukishapiga, unavuta bolti nyuma, ganda linaruka, unasukuma bolti mbele, risasi mpya inaingia, ndipo unapiga tena. Bunduki ya nusu otomatiki inajikoki yenyewe. Inaiba nguvu kidogo kutoka kwenye risasi inayotoka, inatumia nguvu hiyo kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine, kisha inangoja. Ukivuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja. Ukitaka ya pili, vuta tena. Marekani ndiyo iliyotangulia kuwapa askari wake wote bunduki ya namna hii kama silaha ya kawaida, mwaka 1936, nayo ni M1 Garand.

Bunduki nyingi za leo zina swichi. Kwenye G3 za Kijerumani utaona herufi tatu pembeni: S, E na F. S ni salama, E ni risasi moja moja, F ni mfululizo. Iwekeni hiyo E akilini, nitairudia.

Uzito kwanza

Binamu yangu aliuliza kuhusu bunduki nyepesi, na mwenye kubeba ndiye anayejua. G3 tupu ina karibu kilo 4.4. AKM, ndugu mdogo wa AK-47, ina kilo 3.1 hivi bila magazini. AR-15, ile ambayo jeshi la Marekani liliita M16, ilianza ikiwa chini ya kilo 3.

Ila bunduki haibebwi peke yake. Risasi moja ya G3, milimita 7.62 kwa 51, ina takriban gramu 24. Ya AK, milimita 7.62 kwa 39, ina gramu 16 au 17. Ya M16, milimita 5.56, ina kama gramu 12. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mtu wa G3 mwenye risasi 100 amebeba kilo 6.8 kabla ya kuhesabu magazini. Mtu wa 5.56 mwenye risasi hizo hizo 100 amebeba kilo 4.1. Tofauti ni kilo 2.7. Huku kwetu Konoin kilo hizo ni majani ya chai ya dakika chache. Bonde la Suguta, kwenye jua lile, ni lita mbili na zaidi za maji. Kwa hiyo mtu anapokwambia uzito ni jambo la uvivu, mwulize yeye angeacha nini nyumbani.

Lakini wepesi una bei, na bei hiyo ilishalipwa hapa Kenya. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliipunguza Lee-Enfield. Walikata mbao, wakafupisha mtutu, wakachonga chuma hapa na pale, wakatoka na No. 5, bunduki ya msituni yenye kilo 3.2 hivi badala ya 4.1. Ilitumika Malaya, na ilitumika hapa wakati wa vita vya Mau Mau. Ilipendwa kwa kubebeka. Ila askari walilalamika kwamba shabaha yake inahama: leo umeirekebisha ikalenga sawa, kesho inapiga kando bila mtu kuigusa. Tena ilikuwa inapiga bega kama punda, maana baruti ilibaki ile ile ya bunduki nzito. Waingereza waliacha kuitengeneza mwaka 1947. Sisi watu wa programu tunaijua hadithi hii. Unapunguza kumbukumbu hapa, unafuta ukaguzi pale, programu inakuwa nyepesi kama unyoya, kisha inaanza kutoa majibu tofauti kwa swali lile lile.

Usahihi: wa bunduki au wa mtu?

Usahihi wa bunduki hupimwa kwa kupiga risasi kadhaa kwenye alama moja na kupima upana wa duara la matundu. Kwa makadirio ya jumla, bunduki nzuri ya aina ya AR yenye risasi nzuri huweka matundu yake ndani ya duara la sentimita 5 au 6 kwa umbali wa mita 100. AK ya kawaida ni sentimita 10 hadi 15. Ukienda mita 200, zidisha kwa mbili. Mita 300, zidisha kwa tatu.

Ukisoma takwimu hizo ukiwa umeketi, unaona mshindi tayari. Lakini zilipatikana bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga na mpigaji ametulia. Mwaka 1952 mtafiti mmoja wa Marekani, Norman Hitchman, wa ofisi ya utafiti wa operesheni ya jeshi, alitoa ripoti iliyochambua askari wanapiga kutoka umbali gani na wanapata nini. Aligundua kwamba ni nadra bunduki ya askari kuwa na manufaa kupita yadi 300, yaani mita 275 hivi, na kwamba sehemu kubwa ya shabaha zinazopatikana ni za karibu zaidi ya hapo. Kosa kubwa halikuwa la chuma. Lilikuwa la mtu: pumzi, hofu, jasho, umbali uliokisiwa vibaya.

Nikilieleza kwa lugha yetu, ni kama seva inayojibu kwa milisekunde 5 huku mtandao wa mteja ukichukua milisekunde 800. Unaweza kufanya kazi mwezi mzima kuishusha seva kutoka 5 hadi 3, na hakuna mteja atakayejua. Tafuta kwanza ucheleweshaji mkubwa uko wapi. Kwa bunduki, mara nyingi uko nyuma ya kitako.

Kutegemeka: hadithi ya mashine tatu

Hapa ndipo watu hupenda ushabiki, kama Gor na AFC. Wacha tuende taratibu.

AK ya Mikhail Kalashnikov, iliyokubaliwa na jeshi la Kisovyeti mwaka 1949, imejengwa kwa nafasi. Vipande vyake vinavyotembea ni vizito na vina mwanya kati yao, hivyo mchanga kidogo unapata pa kwenda. Gesi inasukuma pistoni ndefu iliyoshikamana na kibeba bolti, nayo inarudi nyuma kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitaji. Mwanya ule ule na uzito ule ule unaoisaidia kuvumilia uchafu haumsaidii mwenye kulenga. Hapa mgogoro wa usahihi na kutegemeka unaonekana wazi kabisa. Ila usidanganywe na hadithi za vijiweni kwamba haikwami. Ukishusha swichi yake tayari kupiga, pembeni panabaki upenyo, na matope mazito yakiingia humo hata AK inasimama.

AR-15, iliyobuniwa na Eugene Stoner na wenzake wa ArmaLite miaka ya 1950, ilichukua njia nyingine. Vipande vinabanana vizuri, mtutu na bolti vinafungana kwa usahihi, na pembeni kuna kifuniko cha kuzuia vumbi. Gesi inarudishwa kwa mrija hadi ndani ya kibeba bolti chenyewe. Hilo linaondoa pistoni nzito, linapunguza kilo na kusaidia kulenga. Lakini masizi na joto vinafika pale pale mashine inapofanyia kazi.

Sasa kisa cha Vietnam, ambacho kila mwanafunzi wa programu angepaswa kusimuliwa. M16 ilipopelekwa kule kwa wingi kuanzia mwaka 1965 ilianza kukwama. Ganda linabaki ndani ya chemba, halitoki, na adui yuko mbele. Askari walikufa na bunduki zilizokwama mikononi. Barua zao kwa wazazi zilifika magazetini na bungeni, na mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ikachunguza. Kilichojulikana ni kwamba bunduki iliyofaulu majaribio haikuwa na hali sawa na iliyofika vitani. Baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa, na hiyo mpya iliongeza kasi ya mashine na kuacha uchafu mwingi zaidi. Chemba haikupakwa kromu, ikapata kutu kwenye unyevu. Na askari wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia, huku wakiambiwa kwamba silaha hii ya kisasa haihitaji kushughulikiwa sana.

Mnaona? Mtu alibadilisha maktaba moja ambayo programu inaitegemea, hakurudia majaribio, kisha akapeleka kwa wateja bila mwongozo. Dawa nayo ilikuwa ya namna hiyo hiyo: chemba ikapakwa kromu, vifaa vya kusafishia vikagawiwa, na mwaka 1968 jeshi likatoa kijitabu cha katuni kilichochorwa na Will Eisner, mchoraji mashuhuri, kumfundisha askari kutunza bunduki yake. Kwangu mimi hicho ni mojawapo ya miongozo bora ya mtumiaji iliyowahi kuandikwa, maana kilisomwa na watu ambao maisha yao yalitegemea kukisoma.

Na G3? Ilikubaliwa na jeshi la Ujerumani Magharibi mwaka 1959, na kwa Mkenya ndiyo sura ya bunduki ya polisi, ile unayoiona mlangoni mwa benki. Haina pistoni wala mrija wa gesi; bolti inacheleweshwa na rola mbili ndogo. Ndani ya chemba kuna mifereji membamba inayopitisha gesi ili ganda lisigande, ndiyo maana maganda yake hutoka yana mistari. Inalenga vizuri na inavumilia uchafu. Kwa hiyo tayari mnaona kwamba usahihi na kutegemeka si lazima vigombane. G3 ina vyote viwili kwa kiasi kizuri, ila ilivilipia kwa kilo. Tena ina tabia zake: mkono wa kukokia uko mbele kabisa na ni mgumu, na risasi zikiisha bolti haibaki wazi kukuambia. Unavuta kifyatulio unasikia "tik", hapo ndipo unapojua.

Kwa hiyo pembe ni tatu: wepesi, usahihi, kutegemeka. Mbili utazipata kwa urahisi. Ya tatu utailipia.

Mvua ya Kericho, vumbi la Suguta

Jambo moja ambalo majedwali ya takwimu hayasemi ni mahali. Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi mchana, na mawe yake yanajulikana na kila mwenye mabati. Panga ulilofuta jana lina kutu leo. Bunduki ikikaa kwetu, adui wake ni unyevu: inataka kupakwa mafuta kila siku, ndani ya mtutu na ndani ya chemba. Ipeleke bunduki hiyo hiyo Suguta ikiwa inameremeta kwa mafuta, na lile vumbi laini litashikamana na mafuta likawa kama simiti. Chombo ni kile kile, mazingira ni tofauti, na jibu limegeuka. Ndiyo maana naogopa mtu anayeniambia "bunduki fulani haikwami" bila kuniambia haikwami wapi, kwa risasi zipi na mikononi mwa nani. Ni sawa na "kwenye kompyuta yangu inafanya kazi."

Kutegemeka si kitu kilichomo ndani ya chuma. Ni mnyororo: risasi, magazini, mafuta, kitambaa, mafunzo, na mkubwa anayesikiliza ripoti ya hitilafu. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret tangu miaka ya 1990, na Aprili 2021 kilifunguliwa kiwanda cha bunduki Ruiru, kikatangazwa kuwa na uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Naliona hilo kama nafasi ambayo askari wa Vietnam hawakuwa nayo. Malalamiko ya mtu aliye Suguta yanaweza kumfikia fundi aliye Ruiru bila kupitia bunge la nchi nyingine. Kama yatapokelewa, hiyo ni habari nyingine.

Mizani ya majani

Niwape mfano wa nyumbani. Niliwahi kuandika programu ya mizani ya kituo cha kununulia majani, ya kiwanda kimoja cha huku kwetu. Kabla yake walikuwa na mizani ya springi ya kuning'iniza. Ile mizani haizimi. Mvua ije, umeme ukatike, inapima. Lakini mshale unatikisika, karani anasoma kwa jicho, na nusu kilo inapotea kila gunia. Mizani ya elektroniki inasoma hadi gramu chache, ila betri ikiisha saa kumi jioni, foleni inasimama na majani yanaanza kupata joto ndani ya magunia.

Tulikaa na makarani tukabishana ni ipi bora. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisikia, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Hiyo ya zamani ilikuwa nzuri kwa karani. Hii ni nzuri kwangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa jibu la swali la binamu yangu, miaka mingi kabla hajaliuliza. Mizani isiyozima inamlinda mwenye kupima, kwa sababu kazi yake inaendelea. Mizani iliyo sahihi inamlinda mwenye kupimwa. Tulipojenga mfumo tukakataa kuchagua moja. Programu iliandika kila kipimo kwenye kumbukumbu ya mashine hapo hapo, ikatoa risiti, ikatuma takwimu mtandao uliporudi, na kila kituo kikapata betri ya akiba. Iligharimu zaidi. Lakini hakuna upande uliobebeshwa gharama ya upande mwingine.

Nani analindwa?

Rudini sasa kwenye bunduki. Ikikwama, anayekufa ni aliyeishika. Tarehe 10 Novemba 2012, zaidi ya polisi 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipovamiwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Siwezi kumwambia mtu anayefanya kazi kama hiyo kwamba kutegemeka ni jambo dogo. Shangazi yangu hulala na simu chini ya mto.

Lakini bunduki ikikosa shabaha, risasi haipotei hewani. Risasi ya G3 inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3. Simama kwenye kilima chochote kati ya Kericho na Litein uangalie kilomita 3 mbele: wachumaji wamejipanga kwenye mistari ya michai, vichwa na mabega tu yanaonekana, nyumba za wafanyakazi, shule, watoto wanaotoka shule. Ukiwa Suguta, risasi iliyokosa inapiga jiwe. Ukiwa kwetu, ina uwezekano mkubwa wa kumpata mtu ambaye hakuwa na habari.

Kwa hiyo naliweka hivi. Kutegemeka kunamlinda aliyeshika bunduki. Usahihi unawalinda wengine wote. Ukichagua kimoja na kukitupa kingine, umechagua ni nani atakayelipa.

Bomet ilikuwa upande wa pili wa hesabu hiyo kabla ya kuujua mchai. Mwaka 1905 jeshi la wakoloni lilikuja Sotik na bunduki ya mashine ya Maxim kuwapiga Wakipsigis waliokuwa na mikuki na ngao. Idadi ya waliouawa inayotajwa sana ni 1,850. Maxim ilikuwa mashine ya kutegemewa sana. Nafikiri kila mtu wa huku anayepima ubora wa bunduki anapaswa kukumbuka kwamba "imefanya kazi vizuri" ni sentensi isiyokamilika mpaka useme imefanya kazi hiyo kwa nani.

Nilichomjibu

Nilimwandikia mambo manne, na sikumjibu kama mwalimu (nilijitahidi).

La kwanza, ningechukua nyepesi ya milimita 5.56 yenye chemba na mtutu uliopakwa kromu, kwa sababu kilo zile 2.7 ni maji, na kwa sababu kazi nyingi ziko ndani ya mita 300. Ningeichukua kwa sharti kwamba mafuta, vitambaa na magazini nzima vinakuja pamoja nayo. Bila hivyo, ningebaki na G3 yangu nzito na kunyamaza.

La pili, asimwamini muuzaji wala mimi, aiamini hesabu. Bunduki ikipiga risasi 30 bila kukwama, hujajua mengi. Kuna kanuni rahisi ya takwimu: ukifanya majaribio n bila hitilafu hata moja, unaweza kuamini kwa asilimia 95 kwamba kiwango cha hitilafu hakizidi 3 gawanya kwa n. Kwa risasi 30, kikomo ni moja katika kila 10, na hiyo ni mbaya sana. Kwa risasi 300, kikomo ni moja katika kila 100. Kwa hiyo bunduki ya mtu ipigwe na mtu huyo, mamia ya mara, kwa risasi zile zile atakazobeba, kwenye vumbi lile lile. Na duara la matundu matatu lisimdanganye. Apige angalau kumi ndipo apime.

La tatu, swichi ibaki kwenye E. Risasi moja moja ndiyo nyongeza ya usahihi isiyo na gharama. Haihitaji darubini wala tenda. Inamlazimisha mtu kuamua upya kila mara, na uamuzi ni sehemu ya shabaha.

La nne, aandike. Kila inapokwama: tarehe, mahali, aina ya risasi, ganda lilikuwa wapi, alifanya nini. Kidaftari kidogo mfukoni. Askari kumi wakifanya hivyo kwa miezi sita, hakuna mkubwa atakayesema tatizo ni uzembe wa mtu mmoja.

Alinijibu kwa maneno mawili, "Sawa ndugu", na siku iliyofuata akatuma picha ya daftari la shule lenye mistari iliyochorwa kwa rula. Safu ya kwanza tarehe, ya mwisho sababu. Nimeona hifadhidata nyingi za gharama kubwa zilizopangwa vibaya kuliko lile daftari.

Sasa niwaachie kazi ninyi mnaoandika programu. Chukueni mfumo mmoja mnaoutunza, uwe wa hospitali, wa mizani, wa pesa au wa shule. Jiulizeni: ukisimama ghafla, nani anaumia? Na ukiendelea kufanya kazi huku ukikosea, nani anaumia? Mkiona majina mawili tofauti, basi na nyinyi mna swali la binamu yangu. Niandikieni mlilijibuje, hasa wale mlio kazini mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha na wateja hawana pa kulalamika. Nitasoma yote.